Wakigonga wamefunika nyuso, wewe dai namba

Jamani hii nawaandikia ndugu zetu mlioko Marekani, maana kila wiki napata voisi za WhatsApp na swali ni lile lile, hivi hawa watu wa uhamiaji wanaovaa kininja wanaruhusiwa kutubeba bila kusema wao ni nani? Jibu ni kwamba kanuni ipo ila ina tundu, na hilo tundu ndo nataka mlijue ili mjue cha kufanya mlangoni na cha kumwambia mbunge wenu. Mimi si wakili, kesi yako mpelekee wakili wa uhamiaji, haya mengine mtu yeyote anaweza.

Kwanza kisa. Januari 2026 hapa Minnesota, barafu imejaa mpaka kwenye ngazi, jirani yangu mama mmoja wa Bukavu kagongewa mlango saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kijana wake wa miaka 11 kachungulia kwenye kile kitundu, kaona wanaume watatu, nyuso zimefunikwa mpaka chini ya macho, fulana za kuzuia risasi zimeandikwa POLICE kifuani. Mtoto ndo mkalimani wa nyumba, si mnawajua watoto wetu, akageuka akasema mama ni polisi, mkono tayari uko kwenye kitasa. Mama akamwambia toa mkono hapo, waulize polisi wa wapi. Kimya. Waulize karatasi iko wapi, waipitishe chini ya mlango. Wakanong'onezana kidogo, wakashuka, wakaondoka na gari lisilo na maandishi yoyote. Mpaka leo hatujui walikuwa akina nani.

Hilo neno POLICE lisiwababaishe. Maafisa wa ICE, ile idara ya shirikisho inayokamata wahamiaji, wanalivaa, na fulana kama hizo zinauzwa mtandaoni kwa yeyote mwenye kadi. Humu humu jimboni, tarehe 14 Juni 2025, mtu aliyejivika kama polisi na sura ya bandia usoni alienda usiku nyumbani kwa wabunge wa jimbo, akamuua Melissa Hortman na mumewe. FBI wenyewe mwaka huo huo walitahadharisha kwamba kuna wahalifu wanajifanya ICE. Kwa hiyo kuuliza wewe nani wala sio ukorofi.

MLANGONI

Usifungue, hata kidogo, hata kwa mnyororo, maana ukishafungua ubishi wa nani aliruhusu nani aingie unakuwa mgumu. Ongea mlango umefungwa. Uliza mambo matatu tu: idara gani, namba ya beji, na karatasi. Kwa Kiingereza sema "What agency? What is your badge number? Slide the warrant under the door", wafundisheni watoto hiyo sentensi mpaka waiote, na wafundisheni kwamba kitasa ni cha wakubwa.

Karatasi ikipita chini ya mlango, piga picha halafu soma juu na chini, katikati achana napo. Juu pakiwa na jina la mahakama, mfano U.S. District Court, na chini pana saini ya jaji, na anwani ni yako kweli, hiyo ni hati ya mahakama na wanaweza kuingia. Juu pakiwa na Department of Homeland Security na kando fomu I-200 au I-205, hiyo kasaini afisa wa uhamiaji mwenyewe, yaani ni kama polisi wa kituo ajiandikie ruhusa ya kuingia kwako. Miaka yote mawakili wanafundisha kwamba hiyo haifungui mlango wa nyumba bila ridhaa yako. Ila kuna kitu kimechanganya mambo, Januari 2026 ilivuja memo ya ndani ya ICE ya Mei 2025 inayodai I-205 inatosha kuingia kwa nguvu, na mawakili wanaipinga vikali. Basi wakivunja usimshike mtu, usikimbie, sema kwa sauti "I do not consent" na simu iwe inarekodi.

Kule nyumbani Tanzania polisi akija kupekua unamuita mjumbe wa nyumba kumi aje awe shahidi. Huku mjumbe wako ni simu ya jirani. Kubalianeni mapema kwenye jengo nani atatoka kurekodi.

Anayerekodi nae asimame mbali, asiguse mtu, asizuie njia, akiambiwa arudi nyuma arudi huku anaendelea kurekodi. Watu wengi wanahangaika kupata sura, sasa sura imefunikwa utapata nini? Lenga pleti namba ya gari mbele na nyuma, maandishi kifuani na mgongoni, nembo ya bega, beji ya kiunoni, viatu, tattoo ya mkono, halafu taja kwa mdomo wako saa, mtaa na idadi yao. Uliza namba kwa sauti ya kusikika kwenye video, akikataa kujibu basi kukataa kwake nako kumerekodiwa. Machi 2025 kule Somerville, Massachusetts, mwanafunzi Rümeysa Öztürk alipokamatwa na watu wasio na sare waliofunika nyuso, dunia ilijua kwa sababu kuna kamera ilikuwa inaangalia tu mtaa. Msije mkaweka mtandaoni anwani ya afisa au familia yake, hilo linaweza kuwa kosa la jinai na linawapa hoja ya bure.

Mtu akishachukuliwa, mtafute kwenye tovuti ya ICE ya kutafuta waliozuiliwa, unahitaji namba yake ya A, ile ya faili lake la uhamiaji, au jina lake kamili, pamoja na nchi aliyozaliwa, kwa hiyo yaandikeni leo, sio siku hiyo. Ukitaka kuidai fidia serikali ya shirikisho kuna fomu SF-95, muda wake ni miaka 2, na ndo utaona kwa nini nang'ang'ania pleti namba, inasaidia kuonyesha walikuwa akina nani.

SASA SHERIA YENYEWE

Kanuni ya shirikisho 8 CFR 287.8 inasema afisa anayekamata ajitambulishe kuwa ni afisa wa uhamiaji na aseme sababu ya kukamata, mara tu itakapowezekana na kukiwa salama. Hapo kwenye "itakapowezekana" ndo tundu lenyewe, nani anaamua? Yeye. Halafu haidai jina, haidai namba, barakoa haiigusi.

California walijaribu kuziba. Gavana Newsom alisaini sheria mbili Septemba 2025, SB 627 ya kukataza kufunika uso na SB 805 ya kudai kitambulisho. Serikali ya shirikisho ikashtaki. Februari 2026 jaji Christina Snyder wa Los Angeles akaisimamisha ile ya barakoa kwa maafisa wa shirikisho, sababu moja kubwa ni kwamba polisi wa jimbo lenyewe hawakuguswa, ikaonekana ni ubaguzi dhidi ya shirikisho. Ile ya kitambulisho hakuizuia. Mambo haya yanahama na rufaa kila mara, angalieni yalipofikia kabla hamjayasema mbele ya watu.

Kwa maoni yangu hapo kuna somo kwa anayetaka kumbana mbunge wake wa jimbo: usiombe sheria ya "ICE wavue barakoa", omba sheria inayogusa kila afisa, wa mji, wa jimbo na wa shirikisho, na weka namba mbele kuliko uso. Todd Lyons, akiwa mkuu wa muda wa ICE, alitetea barakoa akisema maafisa na familia zao wanatishiwa. Sawa, tuchukulie ni kweli, namba ya beji haimwambii mtu watoto wako wanasoma wapi. Hiyo hoja itumieni, wahafidhina wengi wanaisikiliza.

Kwa Washington taja mswada kwa jina, VISIBLE Act wa maseneta Padilla na Booker, uliletwa Julai 2025. Piga 202-224-3121, sema jimbo lako, watakuunganisha na seneta. Huhitaji kuwa raia na hawaulizi. Atapokea kijana wa ofisini, mpe jina la kwanza na zip kodi, sema unataka seneta aunge mkono kila afisa wa uhamiaji avae jina la idara na namba inayoonekana, eleza kisa chako kwa sentensi mbili, basi. Usihutubie, yeye anahesabu tu wangapi wamepiga na wanataka nini. Lugha ikikusumbua piga jioni ofisi ikiwa imefungwa, uisome kwenye karatasi iingie kwenye mashine, yule mama wa Bukavu ndo anavyofanya, kijana kamwandikia matamshi kwa tahajia ya Kiswahili, "maneimu izi" (yaani my name is), kaibandika kwenye friji pembeni ya ile sentensi ya mlangoni.