Kusoma Namba za Malori ya Vita katika Picha za Zamani

Nyumba nyingi za Mombasa zina picha moja au mbili za miaka ya 1940 ambamo babu amesimama kando ya lori la jeshi, pengine akiwa na sare ya Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), pengine akiwa na wenzake wa bandarini. Jina la babu hukumbukwa, lakini nyuma ya picha huandikwa tu "gari la Waingereza". Inasikitisha, kwa kuwa ubavuni mwa boneti mara nyingi pana namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe, na namba hiyo inaweza kutueleza lile gari lilikuwa la aina gani na la jeshi lipi.

Anza na herufi, usianze na tarakimu. Katika Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la nchi kavu la Uingereza lilitanguliza herufi ya aina ya gari kabla ya tarakimu, ambazo zingeweza kufika saba. Herufi mbili utakazokutana nazo mara nyingi zaidi ni L na Z, nazo ndizo zinazochanganywa sana. L ni lori kubwa, la tani moja na nusu, tatu au zaidi; Z ni lori dogo lisilozidi tani moja, kama yale ya Bedford MW yenye boneti pana na bodi fupi. Kwa hiyo ukiona Z kwenye gari ambalo macho yako yanakuambia ni la tani tatu, rudi uiangalie tena herufi kabla ya kuendelea, kwani huenda ni tarakimu 2 au 7 uliyoisoma vibaya. Nyingine ni A kwa gari la wagonjwa, C kwa pikipiki, F kwa gari la deraya, H kwa trekta la kukokotea mizinga, M kwa gari dogo la abiria, T kwa kifaru na X kwa trela. Jeep iliyotumiwa na Waingereza, ingawa ilitengenezwa Marekani, iliandikwa M, na hilo limewapotosha wengi.

Namba zenyewe zilitolewa kwa mafungu kulingana na mikataba ya ununuzi, kwa hiyo malori mawili yenye namba zinazokaribiana mara nyingi yalitoka kiwanda kimoja katika agizo moja. Ukiwa na picha kadhaa za kikosi kimoja, zipange kwa kufuata namba, kisha ulinganishe sura za magari.

Baada ya hapo tazama kama kuna herufi za ziada. RAF mbele ya tarakimu ni gari la jeshi la anga. RN ni la jeshi la majini, na kwa picha za Mombasa hili ni la kutarajiwa, maana Kilindini ilikuwa kituo cha meli za kivita za Uingereza za Mashariki tangu 1942. U ni gari la jeshi la Afrika Kusini, ambalo askari wake walipigana Ethiopia na Somalia pamoja na Keya. CL na CZ ni magari ya jeshi la Kanada lenyewe. Lakini malori ya Ford na Chevrolet yaliyotengenezwa Kanada na kukabidhiwa Waingereza yaliandikwa L au Z peke yake, hivyo umbo la Kikanada halitoshi kuthibitisha kwamba askari walikuwa Wakanada. Wamarekani walikuwa na utaratibu mwingine kabisa: tarakimu za mwanzo ndizo zilizoonyesha aina, 20 kwa jeep na 4 kwa malori ya tani mbili na nusu. Magari ya Italia, ambayo mengine yalitekwa katika vita vya 1940 na 1941, yalikuwa na kibao cheupe chenye maandishi mekundu RoEto (kifupi cha Regio Esercito, yaani Jeshi la Kifalme) na tarakimu nyeusi. Katika filamu za wakati huo wekundu mara nyingi hutoka mweusi, basi usitegemee rangi kuyatambua.

Mtego mkubwa zaidi ni kudhani kwamba kila namba iliyo kwenye gari ni ya usajili. Duara la manjano lililo mbele, lenye tarakimu moja au mbili nyeusi, linahusu uzito ambao daraja litabeba. Mraba wenye namba ni alama ya kikosi ndani ya divisheni, na mchoro ulio karibu nao ni wa divisheni yenyewe. Kichwa cha kifaru mnyama, kwa mfano, ni cha Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana Burma. Namba ya usajili utaitafuta kwenye pande za boneti na nyuma ya bodi. Kama ni namba ya tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili, basi picha ni ya baada ya utaratibu mpya wa 1949, hata kama lori ni la vita.

Hakikisha pia picha haikuchapwa kinyume. Herufi A, H, M, T, V na X hazibadiliki zikigeuzwa, kwa hiyo hazitakuonya. Tazama tarakimu 2, 3, 4 na 5, au vifungo vya shati la askari. Kisha kagua picha chini ya taa iliyowekwa upande, si juu, ukitumia kioo cha kukuzia, na uandike kwa penseli kile unachokiona tu, ukiacha nukta mahali pa kila tarakimu isiyosomeka: L48..217 ina thamani kubwa kuliko namba kamili uliyoikisia.