SOMO: Uso wa saa ya Bangle.js 2 usiomaliza chaji

Wakuu, swali la "mbona saa yangu haimalizi siku?" nimelijibu mpaka nimechoka. Naandika mara moja, someni. Bangle.js 2 ni saa janja unayoiandikia programu mwenyewe kwa JavaScript; uso ni programu inayoonyesha saa kwenye skrini.

1. Fungua Espruino Web IDE (ukurasa wa wavuti wa kuandikia saa msimbo) kwenye Chrome, unganisha saa kwa Bluetooth.

2. Andika draw(), yaani kazi (function) inayochora saa na tarehe.

3. Usichore kila sekunde. Skrini ya saa hii hubaki na picha yake bila kuchorwa upya. Kinachokula chaji ni kuamsha prosesa bure. Panga setTimeout (kipima muda cha milisekunde) ya 60000 - (Date.now() % 60000), uso uamke dakika inapogeuka.

4. Hatua za kutembea saa inazihesabu yenyewe. Soma Bangle.getHealthStatus("day").steps, basi.

5. Mapigo ya moyo. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilitaka programu zifunguke haraka, nikaweka remove (kazi inayoitwa unapotoka kwenye uso) ndani ya Bangle.setUI, amri ya kupanga vitufe na mguso. Ukiweka remove, unapotoka kwenye uso JavaScript haianzi upya, kwa hiyo usafi wote ni juu yako. Mimi nilifuta kipima muda tu, kihisi cha mapigo nikakisahau. Nikafungua programu nyingine, nikalala. Taa za kijani ziliwaka chini ya saa usiku kucha, na asubuhi betri ilikuwa imeshuka kuliko kawaida. Kwa hiyo ndani ya remove weka clearTimeout, Bangle.removeListener kwa kila tukio ulilosikiliza, na Bangle.setHRMPower(0,"usowangu") (HRM ni kihisi cha mapigo, 0 ni kuzima, "usowangu" ni jina la anayekitumia). ANGALIZO: jina la kuzimia liwe lilelile la kuwashia. Ukiwasha kwa "usowangu" ukazima kwa "uso", kihisi hakizimiki, maana saa inajua kuna anayekihitaji bado. GPS nayo ni hivyohivyo.

MASWALI

kijana_wa_kodi: Mkuu nimefuata yote, bado inaisha. Tatizo nini?

Mwandishi: Weka msimbo wako tuuone.

kijana_wa_kodi: Ni mrefu. Ila remove sijaelewa, nimeweka tupu.

Mwandishi: Basi hujafuata yote. Rudi namba 5.

BintiSaa: Samahani mwalimu, kwa nini saa ikilala mezani hudumu kuliko ikiwa mkononi, na uso ni uleule?

Mwandishi: Swali zuri sana dada. Kihisi cha mwendo husomwa kila milisekunde 80. Saa ikikaa kama dakika moja bila kutikiswa, inapunguza hadi kila milisekunde 800. Mkononi haipati nafasi hiyo. Ndiyo maana kazi nzito usiitundike kwenye tukio la accel (mwendo), litaitwa mara 12 na ushee kwa sekunde.

BintiSaa: Asante. Na mapigo yanaporuka, mara 60 mara 140?

Mwandishi: Tukio la HRM huja na bpm (mapigo kwa dakika) pamoja na confidence (uhakika wa kipimo), 0 hadi 100. Mimi nasubiri ipite 80, naandika namba, nazima papo hapo. Isipofika ndani ya dakika moja nazima vilevile.

fundi_mdogo: Nikitaka sekunde lazima?

Mwandishi: Sikiliza tukio la lock (skrini kufungwa au kufunguliwa). Zionyeshe skrini ikifunguliwa, ikijifunga rudi kwenye dakika.

mzee_wa_iPhone: Kwangu haiunganishi kabisa.

Mwandishi: Safari haina Web Bluetooth (njia ya ukurasa wa wavuti kuunganisha vifaa kwa Bluetooth), mzee wangu. Azima Android ya mtu, Chrome ya simu inatosha.

fundi_mdogo: Nyongeza kuhusu mapigo: kazeni mkanda. Wangu ulikuwa umelegea, confidence haikuvuka 40.