Ukija Mombasa kuuona Mji wa Kale, ulale wapi?

Kila Disemba napigiwa simu za aina moja: "Dada, twaja Mombasa siku tatu, twataka kuuona Mji wa Kale. Tulale wapi?" Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, na nyumba ya mamangu ingali huko. Kabla sijajibu, nami huuliza: mwaamka saa ngapi?

Nauliza kwa sababu mji huu una saa zake. Saa kumi na mbili asubuhi, Ndia Kuu ingali na kivuli (ndia ndiyo njia, kwa Kimvita) na mama wa mahamri ameshainjika karai mlangoni kwake. Unga aliukanda usiku kwa tui na iliki, umefura chini ya kanga. Akitia donge ndani ya mafuta, linazama, linaibuka, linajaa upepo kama mto. Wayala papo hapo na mbaazi za nazi, kisha washuka taratibu hadi bandari ya kale kutazama majahazi, ukipita Msikiti wa Mandhry ambao wenyewe husema ulijengwa mwaka wa 1570. Ngome ya Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593, hufunguliwa saa mbili, ingia mapema. Kufikia saa tano jua limeshika kuta na vikundi vya watalii vimejaa. Mji hufunguka tena baada ya magharibi, wazee wakiwa barazani na muuza kahawa akipita na dele lake, vikombe vikigongana mkononi.

Ukilala Nyali au Bamburi, nyakati hizo mbili, asubuhi na baada ya magharibi, zitakupita. Ufuo huko ni mzuri, sikatai, lakini asubuhi utakuwa kwenye foleni ya Daraja la Nyali pamoja na kila anayekuja kazini kisiwani. Likoni vilevile, utangoja feri. Ikiwa pwani ndiyo hamu yako, igawe safari: usiku mbili mjini kwanza, kisha ufuoni.

Kwa anayekuja kwa ajili ya historia, namwambia alale Kibokoni au karibu na Ndia Kuu. Nyumba nyingi za zamani ni za mawe ya matumbawe, kuta nene, dari za boriti. Lakini kabla ya kutuma pesa, uliza maji. Maji ya bomba kisiwani huja kwa zamu, na ya visima vyetu yana chumvi, sabuni haitoi povu. Mwenyeji mzuri atakwambia tangi lake ni kubwa kiasi gani na hununua maji matamu kwa nani. Akijibu "maji yapo" tu, endelea kuuliza.

Uliza pia ngazi. Ngazi za nyumba hizi ni nyembamba na zimesimama wima. Mwaka juzi nilimwekea mama mmoja mwenye magoti mabaya chumba cha ghorofa ya tatu kwa sababu kilikuwa na upepo mzuri wa bahari. Akawa anashuka mara moja tu kwa siku. Bado naumia nikimkumbuka amekaa dirishani akiutazama mji aliosafiri kuja kuutembea. Sasa, mgeni akiwa na mzee, namtafutia chumba cha chini hata kama kina joto.

Halafu uliza msikiti ulio karibu ni upi na tuktuk yafika wapi. Vichochoro vingine ni vya miguu tu, begi utalibeba. Kuna mwalimu mwenzangu aliyelipia chumba kilichotangazwa kuwa Mji wa Kale, kumbe kiko nyuma ya Mwembe Tayari, kwenye mabasi, honi hadi alfajiri. Angeuliza msikiti au mtaa angeugundua uongo ule mapema. Na jua kwamba azana ya alfajiri itakuamsha. Kwangu hiyo ni neema. Ukiwa na mtoto mchanga au usingizi mwepesi, nenda Kizingo.

Kizingo napapenda kwa familia. Kuna miti mikubwa na utulivu, na jioni mwashuka bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, kula mihogo ya kukaanga kwa ndimu na pilipili chini ya mibuyu. Hadi Fort Jesus si mbali, asubuhi mwaenda kwa miguu. Karibu na Pembe, zile sanamu kubwa za pembe za ndovu za barabara ya Moi, vyumba ni vingi lakini kelele pia. Pafaa kwa mtu wa usiku mmoja.

Ramadhani mipango hubadilika: mchana migahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa, usiku ndio kuchangamka.

Ukija kwa treni utashukia Miritini, nje ya kisiwa. Ikifika usiku, usiingie vichochoroni peke yako ukitafuta mlango kwa simu. Mwambie dereva akushushe kwenye lango la Fort Jesus, na mwenyeji akungoje hapo.