Somo: Kusoma Mwelekeo wa Hali ya Hewa Kabla ya Joto la Oktoba, na Kujipanga Dhidi ya Upepo na Moto

Somo hili linawahusu kwanza wanachama wenye vihamba (mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba) na mashamba kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, kutoka Machame na Kibosho hadi Marangu, pamoja na wale wa ukanda mkavu wa Siha, Himo na Kahe. Ndugu zetu wa upande wa Meru nao watakuta mengi yanayowafaa. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba mwelekeo wa msimu huzungumzia miezi mitatu, ilhali moto wa nyasi ni jambo la alasiri moja. Kwa hiyo taarifa ya msimu itumike kupanga maandalizi, na uamuzi wa siku ufanyike kwa kuitazama siku yenyewe.

Hatua ya kwanza: soma mwelekeo wa vuli kwa kanda yako

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za vuli, yaani za Oktoba hadi Desemba, kwa kawaida mwishoni mwa Agosti. Tafuta sehemu inayohusu nyanda za juu kaskazini mashariki, ambayo ni mikoa ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro, wala usichukue maelezo ya pwani au ya Kanda ya Ziwa kwa sababu tu ndiyo yaliyosomwa redioni. Wengi huishia kwenye maneno "wastani hadi chini ya wastani" kisha wakafunga karatasi. Kwa mtu anayehofia moto, mstari wenye uzito zaidi ni ule unaotaja wiki ambayo mvua zinatarajiwa kuanza, kwa sababu msimu unaweza kumalizika na jumla nzuri ya mvua huku Oktoba nzima ikiwa imepita kavu. Moto mkubwa ulioanza tarehe 11 Oktoba 2020 eneo la Whona, kwenye njia ya Marangu, na ule wa tarehe 21 Oktoba 2022 karibu na kambi ya Karanga, yote miwili iliwaka katika mwezi huo ambao kiangazi kimefika ukingoni na vuli bado haijashika.

Hatua ya pili: kagua nyasi zilizoachwa na masika

Hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu. Masika mazuri hushusha hofu ya njaa, lakini huotesha nyasi ndefu na magugu mazito ambayo, kufikia Septemba, yamegeuka kuni nyembamba zilizosambaa nchi nzima. Tembea mpakani mwa shamba, kwenye kingo za mfongo (mfereji wa asili wa maji) na chini ya miti ya mbao, ukavunje shina la nyasi kwa vidole: likikatika kwa mlio bila kupinda, limekauka kiasi cha kushika moto kwa cheche. Kihamba chenye migomba na kahawa huwaka kwa shida kwa sababu ya kivuli na unyevu wake. Hatari iko kwenye maeneo ya wazi yanayokizunguka.

Hatua ya tatu: jua lini joto linapanda

Moshi ipo takriban nyuzi tatu na theluthi moja kusini mwa Ikweta, hivyo jua la utosi hutupitia mara mbili kwa mwaka: siku za mwanzo za Oktoba, likielekea kusini, na tena wiki ya pili ya Machi, likirudi kaskazini. Joto kali zaidi kwa mji wa Moshi huwa Januari hadi Machi, lakini lile la Oktoba ndilo linalokutana na nyasi zilizokauka tangu Juni. Kazi za jembe zifanyike kabla ya saa nne asubuhi, na ng'ombe wa bandani wawekewe maji muda wote.

Hatua ya nne: soma upepo na ukavu wa siku

Hii ndiyo hatua ninayoomba isomwe mara mbili. Mchana jua hupasha mteremko, hewa yake hupanda kuelekea mlimani. Usiku mteremko hupoa na hewa hushuka kuelekea tambarare. Moto uliowashwa saa tano asubuhi chini ya Kibosho kwa hiyo una upepo wa kuusukuma juu kwa saa kadhaa, na mlima wenyewe huusaidia, kwa kuwa miali huinamia na kukausha nyasi zilizo mbele yake. Wazima moto wana kanuni kwamba kasi ya moto unaopanda karibu huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za mwinamo.

Kanuni nyingine yao, ambayo ni rahisi kukumbuka, ni ya thelathini tatu: halijoto ikizidi nyuzi joto 30, unyevunyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 30, na upepo ukizidi kilomita 30 kwa saa, moto ukianza hautashikika kwa matawi na ndoo. Usingoje zote tatu zitimie. Kwetu mwinamo wa ardhi huweza kuziba pengo la upepo, na nyasi nyembamba hufuata ukavu wa hewa ndani ya takriban saa moja tu, hivyo umande wa alfajiri si dhamana ya saa saba mchana.

Asiye na vipimo atazame dalili. Siku ya kawaida kilele cha Kibo huonekana asubuhi kisha hufunikwa na mawingu yanayopanda na hewa yenye unyevu. Kikibaki wazi hadi alasiri, chukulia kwamba hewa ni kavu. Chamchela wengi wa vumbi kwenye tambarare za Kahe nao ni ishara kwamba ardhi imepata joto kali na hewa imechafuka.

Hatua ya tano: andaa kabla ya Septemba kuisha

Fyeka ukanda wa kuzuia moto kuzunguka shamba la miti na boma, ukiparua hadi kwenye udongo mtupu, na pale nyasi zinapokuwa ndefu ukanda nao upanuliwe. Nyasi ulizofyeka ziondolewe. Nimeona kanda safi zikiwa na lundo la majani makavu pembeni, kazi ambayo ni afadhali isingefanyika. Wekeni mapanga, majembe na madumu ya maji mahali panapojulikana na wote, na namba 114 ya Zimamoto iandikwe ukutani. Moto ukiwa mkubwa msisimame upande wake wa juu mteremkoni.

Maswali ya wanachama

Mama kutoka Uru: Mwalimu, mwaka ukitangazwa El Niño, je, tunaweza kuacha kufyeka?

Jibu: Hapana, mama. El Niño, hasa ikienda pamoja na joto la juu upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, huongeza uwezekano wa vuli nyingi kwetu. Hata hivyo uwezekano huo ni wa msimu mzima na hauahidi mvua ya wiki ya kwanza ya Oktoba. Fyeka kwanza, na mvua ikiwahi hutakuwa umepoteza kitu.

Kijana kutoka Arusha mjini: Simu yangu huonyesha halijoto moja kwa Moshi na kwa kijiji cha juu. Niiamini?

Jibu: Programu nyingi hukadiria eneo pana kwa namba moja, na mlima huvuruga makadirio hayo. Kwa wastani halijoto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ndiyo maana Arusha, iliyo juu ya Moshi kwa takriban mita 600, huwa na nafuu ya nyuzi nne hivi. Anza na utabiri wa Mamlaka, kisha rekebisha kwa mwinuko wako.

Mwanachama kutoka Siha: Nikichoma mabua alfajiri, upepo ukiwa umelala, kuna ubaya gani?

Jibu: Ubaya ni kwamba visiki na mizizi hufuka chini kwa chini, kisha saa sita upepo ukiamka huamka navyo, wewe ukiwa sokoni. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadhibiti uchomaji, kwa hiyo anzia ofisi ya kijiji kuuliza kibali. Binafsi ningewalisha ng'ombe mabua hayo, na yanayobaki ningeyafukia.

Mzee kutoka Rombo: Sisi warina asali tunalaumiwa kila mwaka. Tufanyeje?

Jibu: Shikamoo mzee. Mwenge wa nyasi uachwe kabisa miezi hii, na badala yake litumike bomba la moshi, ambalo moto wake umefungwa ndani ya kopo. Rineni jioni, pawe na dumu la maji chini ya mti, na majivu ya bomba yamwagiwe maji kisha yafukiwe kabla hamjaondoka.