Ruta mbili, getiwei moja: HSRP kwa ofisi ndogo

HSRP ni mfumo wa Cisco unaofanya ruta mbili zionekane kwa kompyuta kama moja, ili moja ikifa nyingine ishike zamu. Tuchukue ofisi ya utalii hapa Njiro, Arusha. R1 ina faiba, R2 ina intaneti ya redio, zote ni Cisco na zimechomekwa kwenye swichi ya ofisi. Kompyuta zinajua getiwei (anwani ya kutokea kwenda intaneti) moja tu, 192.168.10.1. Anwani hiyo usiiweke kwenye ruta yoyote kama yake: ni ya zote mbili, na inayojibu ni ile iliyo zamu. R1 ipewe .2, R2 ipewe .3, na zote tatu ziondolewe kwenye DHCP, inayogawa anwani kwa vifaa. Simu ya mgeni ikipewa .1, ofisi nzima inapotea.

R1 kwanza. Laini ya kwanza ya `ip route` inaishia na getiwei ya mtoa faiba wako:

ip route 8.8.8.8 255.255.255.255 GETIWEI-YA-FAIBA
ip sla 1
 icmp-echo 8.8.8.8
 frequency 5
ip sla schedule 1 life forever start-time now
track 1 ip sla 1 reachability
 delay down 10 up 60
interface GigabitEthernet0/1
 ip address 192.168.10.2 255.255.255.0
 standby version 2
 standby 10 ip 192.168.10.1
 standby 10 priority 110
 standby 10 preempt delay minimum 60
 standby 10 track 1 decrement 20

R2 ni amri zile za standby tu, ila bila priority (inabaki 100; yenye kubwa ndiyo hushika zamu), bila track, na `preempt` (ruhusa ya kunyang'anya zamu) isiyo na delay. Ukiiga delay ya R1, R2 itasubiri dakika nzima wakati watu wamekwama.

Track ndiyo roho ya kazi: inafuatilia pingi (ujumbe wa kujaribu kama upande wa pili unajibu) ambayo `ip sla` inatuma kwenda 8.8.8.8 kupitia faiba. HSRP inajua tu kama ruta mwenzake yu hai; mtaro ukichimbwa na faiba ikakatwa, R1 bado inawaka na pakiti zinafia hapo. Pingi ikigoma, 110 inashuka hadi 90 na R2 inachukua. Ukiacha upunguzo wa kawaida, 10, zinalingana 100 kwa 100 na R2 haina sababu ya kuchukua.

Jaribu: `ping -t 1.1.1.1` kwenye kompyuta, chomoa faiba, kisha siku nyingine zima umeme wa R1. Angalia `show standby brief`.

MASWALI

Mkuu, nipo Moshi. Ruta zote mbili zinasema Active.
Active ni iliyo zamu, na inatakiwa iwe moja tu. Hazisikiani, kaka. Pingi .3 kutoka .2. Ikigoma, milango ya swichi iko VLAN tofauti (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi). Ikijibu, linganisha version na namba ya kundi, kisha tafuta access-list (orodha ya kuruhusu na kuzuia pakiti) inayozuia UDP 1985 kwenda 224.0.0.102, ambako HSRP hutuma ujumbe wake.

Ruta yangu ya pili ni MikroTik.
Tumia VRRP, mfumo kama huu usiofungwa na kampuni moja, pande zote; HSRP ni ya Cisco. Hapo preempt imewashwa tayari.

Simu ya WhatsApp ilikatika ruta zilipobadilishana.
Lazima ikatike au ikwame kidogo, dada. Anwani ya nje imebadilika na NAT ya R2 (inayobadilisha anwani za ndani kuwa ya nje) haijui mazungumzo ya R1.