Kuutunza mkono baada ya matibabu ya saratani ya titi

Mwanamke aliyetolewa tezi za kwapani au kupigwa mionzi hapo anaweza kuvimba mkono wa upande huo, hata miaka kadhaa baadaye, kwa sababu njia za kupitishia majimaji ya mwili zimepungua. Uvimbe ukigunduliwa mapema hudhibitika.

Kila mwezi, asubuhi, chukua tepu ya fundi cherehani. Pima kifundo cha mkono, kisha sentimita 10 juu yake, kisha sentimita 10 juu ya kiwiko. Pima mikono yote miwili, uandike. Tepu iguse ngozi bila kuibana. Ukiikaza, kipimo kitakudanganya. Tofauti kati ya mikono miwili ikifika sentimita 2, nenda kliniki. Bangili au pete ikianza kubana, nenda hata kabla ya hapo.

Katika jiko la Lamu, hatari ni miba ya samaki na meno ya mbuzi ya kukunia nazi. Paa samaki ukiwa na glavu. Ukijikata, osha kwa sabuni, paka dawa ya kuua vijidudu, funika. Piko, ile rangi nyeusi ya kujipamba, usiitie kabisa mkono huo, hata kuwe na arusi: yaweza kuunguza ngozi, na penye jeraha ndipo vijidudu hupita. Hina tupu isiyochanganywa kitu ni afadhali.

Mkono usiulaze tu. Fua, fagia, unyooshe. Mizigo mizito uirudie kidogo kidogo.

Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, nawe una homa, unahitaji antibiotiki siku hiyohiyo. Aliye Faza au Siyu, kisiwani Pate, asingoje mashua ya kesho.