Kuhamisha Msimbo wa Zamani kutoka Python 2 hadi Python 3
Kabla ya kubadilisha mstari wowote wa msimbo wa Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta), andika majaribio yanayothibitisha matokeo ya sasa ya programu, kisha yaendeshe kwenye toleo la zamani hadi yote yapite. Makosa ya sintaksia (kanuni za uandishi wa lugha hiyo), kama vile amri ya print isiyo na mabano, hujitokeza mara moja na hayasumbui sana. Ninachokihofia zaidi ni mabadiliko yasiyotoa onyo: katika Python 2, 5/2 hutoa 2, ilhali katika Python 3 hutoa 2.5, na hesabu zinaweza kuharibika bila programu kusimama. Kwa hiyo kagua kila mgawanyo, ukiweka // panapohitajika namba kamili. Hakikisha pia kwamba maktaba unazozitegemea (vifurushi vya msimbo ulioandikwa tayari) zinakubali toleo jipya, kwa kuwa Python 2 iliacha kuhudumiwa mwaka 2020.